Kufa ukiwa radhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kando ya kitanda cha mgonjwa

Maswali haya sikuyatunga. Huulizwa uani, maji ya kukoshea yakiwa jikoni, au usiku wa pili wa matanga watu wakishachoka. Mimi ni mkoshaji wa maiti wa kike, Wete, Pemba, kwanza na sasa mjini Unguja, huu mwaka wa 19, na mara nyingi kabla ya kukosha huwa nimeshaitwa kuuguza. Si shekhe wala daktari. Penye hukumu ya dini nimeandika nilivyofunzwa katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi visiwani. Ibadhi na Ithnaashari wana yao katika baadhi ya mambo.

## Mwanzo wa mambo

1. Kweli yupo mtu anayekubali kufa, au wote tunajikaza?

Wapo. Si wengi kama tunavyosimulia siku ya hitima, ambapo kila marehemu aliondoka anatabasamu, lakini wapo na nimewashika mikono. Kilichonichukua miaka kukielewa ni kwamba kukubali hakuji siku moja kukakaa. Huingia na kutoka.

Ami yangu wa Konde, aliyekuwa na saratani ya ini, asubuhi moja alimpangia mwanawe mkubwa nani washuke kaburini kumpokea. Mchana wa siku ile ile akauliza kama mbegu za muhogo zimeshakatwa, maana masika yanakaribia. Watoto wakaona akili imeanza kumruka. Haikumruka. Alikuwa radhi kuondoka na bado anaupenda muhogo wake, na mawili hayo yalikaa kifuani mwake bila kugombana. Anayengoja mgonjwa afike siku ambayo hataki tena chochote cha dunia, ndipo amhesabu kuwa amekubali, anangoja kitu ambacho mimi sijakiona.

2. Kuna tofauti gani baina ya kukubali, kukata tamaa na kuchoka?

Aliyekata tamaa amegeukia ukutani. Mjukuu akiletwa hamtazami. Aliyechoka amechoshwa na maumivu, si na uhai. Mpe dawa ya kutuliza alale usiku mmoja, asubuhi utamsikia anauliza bei ya karafuu. Aliyeridhia hushughulika na wengine. Kipimo changu, ambacho hakimo katika kitabu chochote, ni neno "mmekula?" Mgonjwa anayewauliza waliomzunguka kama wamekula, mara nyingi ugomvi wake na mauti umeshapoa.

Tofauti hii ina kazi. Huzuni nzito ni maradhi yanayotibika, hata kwa mtu ambaye maradhi yake mengine hayatibiki. Msimwache mtu amegeukia ukutani wiki nzima mkasema "karidhia". Mwambieni daktari.

3. Tumeambiwa kuna hatua tano. Mama ameruka mbili. Tufanye nini?

Msifanye kitu. Hatua hizo (kukanusha, hasira, kujadiliana na Mungu apunguziwe, huzuni, kukubali) zilielezwa mwaka 1969 na Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa maradhi ya akili mzaliwa wa Uswisi, aliyekuwa akizungumza na wagonjwa wanaokufa huko Chicago. Jambo kubwa alilofanya ni kuwakalisha madaktari wa Marekani wawasikilize watu ambao walikuwa hawaambiwi hata jina la maradhi yao. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba watu hawazipandi hatua hizo kama ngazi.

Naye alipigwa na kiharusi mwaka 1995, akafariki 2004, na katika miaka hiyo hakuficha kuwa amemkasirikia Mungu kwa kumchelewesha. Mtu aliyeifunza dunia hatua ya tano alikaa sana kwenye ya pili. Nampenda zaidi kwa hilo.

Mkitaka kitu cha utafiti cha kuwapa moyo, kipo cha mwaka 2017. Watafiti Marekani walichukua maandishi ya mtandaoni ya wagonjwa waliokuwa wakifa kweli, wakayalinganisha na ya watu wazima wa afya walioambiwa wajifanye wanakufa. Ya wanaokufa kweli yalikuwa na maneno mengi zaidi ya furaha na machache zaidi ya uchungu. Tuliosimama pembeni ndio tunaotisha zaidi katika mawazo yetu.

4. Kuogopa kufa si upungufu wa imani?

Bibi Aisha aliliuliza jambo hili. Mtume (S.A.W.) aliposema kuwa anayependa kukutana na Mwenyezi Mungu, Mwenyezi Mungu naye hupenda kukutana naye, Bibi Aisha akasema: sote tunayachukia mauti. Akajibiwa kuwa sivyo ilivyokusudiwa. Muumini hubashiriwa rehema yanapomfikia mauti, na hapo ndipo anapopenda. Imo katika Bukhari na Muslim. Aliyekiri kuchukia mauti hakukemewa, na kupenda kwenyewe kumewekwa mwisho kabisa, si miaka 20 kabla tukiwa barazani na kahawa.

Kuna na Nabii Musa, ambaye malaika wa mauti alipomjia alimpiga kofi. Hii nayo ni ya Bukhari. Walimu wangu wa chuoni hawakuisimulia sana.

## Kwa anayeuguza

5. Tumwambie mama kuwa hatopona?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote. Kwetu habari humfikia mtoto mkubwa wa kiume, kisha ndugu, kisha jirani, na mwenye mwili huwa wa mwisho. Nyumba nzima inanong'ona jikoni. Naye anajua. Mtu anayeiona miguu yake imebaki mifupa, na ndugu wa Muscat na wa Tanga wamefika wiki moja na hakuna harusi, hahitaji kuambiwa. Anachokosa ni ruhusa ya kulisema.

Nilimuuguza mama mmoja huko Mtambwe ambaye wanawe walinikataza katakata nisitamke. Usiku wa manane akanishika mkono akanambia, "Mwanangu, usiwaambie watoto kuwa nakufa, watavunjika moyo." Watoto ukumbini wananikataza nisimwambie yeye, yeye chumbani ananikataza nisiwaambie wao. Wiki tatu. Alikuwa na maneno ya kumwambia bintiye wa mwisho juu ya nyumba, na hayakusemwa. Shauri la nyumba ile lilifika kwa kadhi, na ndugu wale hadi leo wanasalimiana kwa mbali.

Simwendei mtu na majibu ya maabara mkononi. Huuliza, "Bi mkubwa, unajionaje?" kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe, na ni ngumu kuliko kukosha. Akisema, "Inshallah nitapona," naitikia inshallah, simsahihishi. Akisema, "Safari hii sidhani," simwambii "usiseme hivyo". Neno hilo tunalitoa kwa mapenzi na ndilo linaloufunga mlango. Namuuliza, "Kipi kinachokutia wasiwasi?" na takriban kila mara jibu halihusu kufa. Ni deni la duka. Ni mtoto ambaye hajaolewa. Ni nani atakayemfunga mbuzi. Mambo hayo yana dawa, na ukimwondolea matatu manne unaweza kuuona uso wake ukilegea.

6. Amekataa kula. Tumlazimishe uji?

Msimlazimishe. Mwili unaofunga kazi hauna haja ya chakula, na hali ya kushiba ama njaa huwa imekwisha. Uji wa kulazimisha kwa mtu asiyeweza kumeza unaingia mapafuni, mkamzidishia mateso mliyotaka kumpunguzia. Mloweshe midomo kwa pamba na maji, mpake mafuta isipasuke. Bibi zetu walikuwa wakimdondoshea maji mgonjwa wa kukata roho, na wauguzi wa leo wanafundishwa hayo hayo.

7. Mofini si inamuua haraka?

Hapana. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, ikianza kidogo na kupandishwa kwa utaratibu, inapunguza maumivu na haiharakishi kifo. Hufunga choo, kwa hivyo muulizeni daktari dawa ya kulainisha mapema. Wagonjwa wetu wengi wa saratani hupelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na baadhi hurudi na chupa ya mofini ya kunywa, kisha nyumbani mtu akaificha kabatini kwa hofu. Nimeikuta chupa imejaa na mgonjwa anauma shuka.

Cicely Saunders, muuguzi wa Kiingereza aliyekuja kuwa daktari na kufungua London mwaka 1967 nyumba ya kuwatunza wanaokufa, alifundisha kuwa maumivu ya mtu anayekufa yana pande nne: mwili, moyo, jamaa na roho. Kwangu mimi wa mwili huenda mbele. Sijamwona mtu akiwa na nafasi ya kuwaza habari ya kuridhia wakati mfupa unamchoma.

8. Baba anaomba Mungu amchukue. Anakosea?

Imekatazwa kutamani mauti kwa sababu ya dhara iliyomsibu mtu, na aliyezidiwa amefundishwa dua: Mola nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na unifishe kufa kukiwa ni kheri kwangu. Msomeeni hiyo, aisome na nyinyi. Kisha mwangalieni kama ni maumivu yanayozungumza (swali la 7) au huzuni (swali la 2), kwa sababu kumkemea hakuondoi hata kimoja.

9. Juzi aliamka, akakaa, akaomba mchuzi wa pweza. Jana akafa. Tulikosea kumpa?

Hamkukosea. Watu wazima wanaijua nafuu hii, na madaktari wameiona pia: mtu aliyekuwa hazungumzi hupata saa chache, au siku, za akili safi. Huwaponza wengi, maana nyumba inaanza kupanga safari ya hospitali nyengine badala ya kukaa naye. Nyinyi mlikaa naye mkala pweza.

10. Akishapoteza fahamu, talkini (kutamkiwa shahada) anaisikia?

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha vipimo vya ubongo wa wagonjwa walio katika saa za mwisho na wasioitikia tena. Wa baadhi yao ulikuwa bado unapokea sauti. Kwa hivyo shahada mtamkieni polepole, kwa sauti ya chini, na akishaitamka msimrudishe rudishe mpaka azungumze jengine. Na ugomvi wa urithi utolewe nje ya chumba. Nasema hivi kwa sababu nimeusikia ukifanyika juu ya kitanda.

11. Alihangaika sana mwishoni. Ni alama mbaya?

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, na anayeuliza huwa hajalala. Mtume mwenyewe, katika maradhi yake ya mwisho, alikuwa akitia mikono katika maji akijipangusa uso na kusema kuwa mauti yana sakarati, yaani uchungu wa roho kutoka. Bibi Aisha alisema baada ya hapo hachukii tena kuona mtu akipata shida ya kufa. Ugumu wa roho kutoka si hukumu ya maisha ya mtu.

Na mengi yanayotutisha si mateso kwa mgonjwa. Pumzi huja kama mawimbi, zikakaza, zikapoa, zikasita, zikarudi. Koo hukoroma kwa mate ambayo hana tena nguvu ya kuyameza. Wakati huo kwa kawaida hana fahamu. Mlazeni ubavu, mkoromo hupungua.

## Kabla siku haijafika

12. Kuandika wasia si kujiitia mauti?

Ingekuwa hivyo, wasioandika wangeishi milele. Andika madeni yako kwanza, unayodai na unayodaiwa, kwa sababu deni hulipwa kabla ya kugawiwa urithi. Wasia hauzidi thuluthi ya mali na hauendi kwa mrithi, isipokuwa warithi wengine wakiridhia. Mali za Waislamu waliofariki husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Maswali ya karatasi pelekeni huko, na kwa sheha wenu. Faida ya wasia kwa moyo imeelezwa katika swali la 5.

13. Bibi amenunua sanda, ameifungia sandukuni na udi na karafuu maiti. Inatutisha. Tuitoe?

Msiiguse. Sanda ile haimtishi yeye. Wazee wengi wa Pemba hujinunulia bafta yao, na anapoifukiza udi mara moja kwa mwaka anafanya zoezi ambalo sisi tunalikwepa. Muulizeni nani amkoshe. Atawatajia majina matatu, na mtashangaa nani hayumo.

## Waliobaki

14. Nikilia namuadhibu maiti?

Machozi hayana kosa. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoka machozi, moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga na kuchana nguo. Wanawake tuna mkeka wetu ndani na tunalia. Wanaume wako nje kwenye viti, wanazungumza siasa na mpira, na mtu akilia anapewa maji upesi ili anyamaze. Sijui nani aliwaambia kuwa subira ni kukauka macho.

15. Mtoto wa miaka mitano tumwambie nini?

Mwambieni "bibi amekufa". Msimwambie amesafiri. Kuna mtoto huko Mkoani aliambiwa bibi amekwenda Unguja, na kwa miezi kila boti ilipofunga gati alikwenda kutazama wanaoshuka. Msiseme amelala pia, ataogopa kulala. Mwambieni mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii baridi wala njaa, na tunamuombea. Atauliza tena kesho. Jibuni vile vile.

16. Eda imekwisha na mimi bado. Nina kasoro?

Miezi minne na siku kumi ni hukumu ya ndoa. Haikuwekwa kuwa kipimo cha moyo. Siku ya kutoka eda unafukizwa, unavaa nguo mpya, wanakuja watu, na jioni wanaondoka wote. Wengi wameniambia usiku ule ulikuwa mzito kuliko wa mazishi. Usingizi na chakula vikikataa kwa miezi, na kazi huwezi, nenda hospitali kama ungekwenda kwa homa.

## Penye ugumu

17. Maiti wetu hakuonekana. Tutakubalije kitu ambacho hatukukizika?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama nje ya Nungwi ikielekea Pemba, imepakia watu kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Wengi hawakupatikana. Katika vijiji vya Pemba kuna nyumba ambazo mlango uliachwa bila komeo kwa miaka.

Dini imeacha njia: katika madhehebu yetu asiyekuwepo husaliwa sala ya ghaibu, na mke wa aliyepotea huenda kwa kadhi kupata hukumu, asijihukumie mwenyewe. Sala hiyo ina uzito. Mama mmoja aliniambia kabla yake alikuwa akipika wali wa mtu mmoja zaidi, na baada yake aliacha. Hakuniambia kuwa amekubali. Aliniambia ameacha kupika.

Mikono nayo ilitaka kazi. Kukosha, kukunja sanda, kubeba jeneza, kutia udongo: mwili huelewa kwa vitendo hivyo kabla akili haijaelewa. Anayevikosa anahitaji kingine. Baadhi ya jamaa walichimba kisima cha sadaka kwa jina la marehemu, na nadhani jembe liliwasaidia kama thawabu. Methali ya kifo cha wengi harusi msiwaambie. Waliofiwa na wengi kwa usiku mmoja hawakuona harusi. Walikosa hata wa kuwapa pole, kwa sababu kila jirani alikuwa mfiwa.

18. Watu wanasema amekufa kwa mkono wa mtu. Tufanyeje?

Pemba hili halikosekani, hasa aliyekufa akiwa kijana. Sitabishana na mtu juu ya uchawi wenyewe. Nasema nilichokiona: nyumba iliyoshika njia hiyo haipati matanga. Badala ya kumlilia marehemu inamtafuta jirani, na miaka mitano baadaye bado inamtafuta. Mwombeni daktari akuelezeni maradhi kwa lugha mnayoielewa. Mara nyingi uvumi huingia mahali ambapo hakuna aliyeelezwa kitu.

19. Na wewe, baada ya maiti wote hao, umekubali?

Sanda yangu niliinunua Darajani miaka sita iliyopita, nikaiweka juu kabatini ambapo naiona nikifungua. Mwaka jana binti yangu alijifungua. Nilipokuwa natafuta kanga za kumfungia mtoto niliisogeza, ikaenda nyuma ya mablanketi. Ipo huko huko. Mtoto ameshaanza kutambaa.